Nina siku moja tu Shanghai kabla ya ndege, nataka kwenda mji wa mifereji peke yangu. Niende upi?

MamaPazia_Eastleigh

Salaam aleikum wadau, habari za kazi. Mimi nauza pazia na vitambaa vya makochi hapa Eastleigh, na tukienda China huwa tunaenda na kina mama wenzangu hadi Keqiao soko la vitambaa, tunachagua mzigo, tunalipa deposit, tunarudi. Safari hii mwanzo wa mwezi wa kumi na moja wenzangu wataendelea Guangzhou lakini mimi tiketi yangu ni ya kupitia Addis, inatoka uwanja wa ndege wa Pudong saa sita na kitu usiku wa Alhamisi, kwa hivyo Alhamisi yote kuanzia asubuhi niko peke yangu Shanghai na sina kazi, hoteli iko karibu na Hongqiao.

Sasa miaka yote hii ninayoenda China ninachojua ni soko, godauni na hoteli, nikirudi watoto wakiniuliza mama China kukoje nawaambia tu kuna vitambaa. Nimechoka na hiyo. Nimekuwa nikiona picha za ile miji yao ya zamani iliyojengwa juu ya mifereji, nyumba nyeupe za paa jeusi, madaraja ya mawe yamepinda kama upinde na vimashua vinapita chini yake, na nimeamua safari hii lazima nione hata mmoja kwa macho yangu.

Maswali ni haya, ni mji upi naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila mtu wa kunitembeza bila gari la kukodi na nisichelewe ndege? Mwanamke peke yake na hijabu yake kuna shida yoyote? Chakula nafanyaje? Na Kichina changu ni cha bei tu, naweza kuhesabu na kusema ni ghali sana punguza, zaidi ya hapo sijui kitu. Aliyewahi kwenda anisaidie, nataka mtu aliyefika si mtu aliyeona kwa simu.

Reli_Mbali

Dada karibu, hapo huna haja ya kuzunguka sana, nenda Zhujiajiao. Ile bado ni Shanghai, iko wilaya ya Qingpu upande wa magharibi, na Laini 17 ya metro inaanzia hapohapo stesheni ya treni ya Hongqiao karibu na hoteli yako. Hiyo laini ilifunguliwa mwisho wa 2017, zamani watu walikuwa wanaenda na basi na jam yake, siku hizi unakaa kwa treni kama dakika arobaini, unashuka kituo kimeandikwa Zhujiajiao kwa herufi zetu hizihizi kwa hivyo huwezi kupotea, halafu unatembea robo saa ama dakika ishirini hadi mji wa kale. Mjini kwenyewe hakuna geti, unaingia bure, unalipa tu ukitaka kuingia sehemu fulani kama ile bustani ya Kezhi.

Kitu cha kwanza tafuta daraja la Fangsheng. Lina matao matano, lilijengwa 1571 likaja kujengwa upya 1812, na ni refu karibu mita 70, panda hadi katikati usimame pale juu uangalie. Hapo ndipo utaelewa kwa nini madaraja yao yote yamepanda hivyo kama kilima, ni kwa sababu mizigo ilikuwa inapita chini, mashua za mchele na vitambaa, daraja likiwa bapa mashua inakwama. Pale darajani huwa kuna kina mama wanauza samaki wadogo kwenye mifuko ya plastiki yenye maji, si wa kula, mtu ananunua anateremka hadi kwenye maji anafungua mfuko anamwachilia samaki, ni ibada ya Kibuddha ya kuachia kiumbe hai. Nilimwona mzee mmoja kainama pale kwenye ngazi ya mwisho anainamisha mfuko polepole sana mpaka samaki akatoka mwenyewe, hakumwaga.

Mashua ni za kupigwa kasia, zile za gati la pale bei ni ya mashua nzima si ya kichwa, kwa hivyo ukiwa peke yako ngoja gatini uone kama kuna watu wawili watatu uingie nao mchange, watu wengi hukubali.

Kuhusu ndege usiogope. Begi kubwa liache hotelini au pale stesheni ya Hongqiao kuna sehemu ya kuweka mizigo. Halafu kurudi, tangu mwisho wa 2024 kuna treni ya moja kwa moja kutoka Terminal 2 ya uwanja wa Hongqiao hadi uwanja wa Pudong, ni kama dakika 40 tu, zamani ukipanda Laini 2 ulikuwa unakata mji mzima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mimi ningesema saa kumi na moja jioni uwe umeshatoka Zhujiajiao, utafika Pudong na muda wa kuswali na kupumzika.

Binti_Shela

Waaleikum salaam dadangu. Mie ni wa Lamu ila kazi iko Nairobi, na nimekwenda Zhujiajiao peke yangu na hijabu na buibui, sikuona ubaya wowote. Watu watakutazama, hilo ndiyo, na mabinti wadogo wataomba kupiga picha nawe, ukitaka kataa kwa mkono tu na tabasamu hawakasiriki. Usalama uko, kamera kila kona na kila kituo cha metro begi lako linapitishwa kwenye mashine. Kinachochosha si watu wabaya bali umati. Alhamisi ni nzuri sana, Jumamosi ile mitaa yao imejaa mpaka huwezi kusimama, na mtaa wao wa kaskazini ni mwembamba kweli, paa za pande mbili karibu zinagusana.

Chakula sasa hapo ndipo pa kuangalia na nakuomba usidharau. Vyakula vingi vinavyouzwa pale mtaani ni nguruwe. Zile pembetatu za wali zilizofungwa kwenye majani utaziona kila mlango, ndani ni nyama ya nguruwe, na hata zile wanazokuambia ni za maharage yaweza kuwa zimetiwa mafuta yake au zimechemshwa sufuria moja. Nyama nyekundu iliyofungwa kwa majani, hiyo pia. Kwa hivyo fanya hivi, asubuhi kabla hujatoka kula kwenye mkahawa wa tambi za Lanzhou, iko Shanghai nzima, wenyewe ni Waislamu wa kabila la Hui na wengine wametoka Qinghai na Gansu, kibao mara nyingi ni cha kijani na kina maandishi ya halali, mama kavaa mtandio na baba kofia. Supu ya ng'ombe na tambi zinavutwa kwa mikono mbele yako. Kisha mkobani tia matunda, karanga na chupa ya maji, ukifika kule kunywa chai tu kando ya mfereji, chai haina neno.

Na kama moyo wako unataka kingine, kuna msikiti Songjiang, Laini 9, asili yake ni zama za wafalme wa Yuan (karne ya 13 na 14) na ndio mkongwe kuliko yote Shanghai, paa lake la Kichina kabisa lakini ndani utajua uko kwako. Hiyohiyo Laini 9 inapita Qibao ambao nao ni mji wa mfereji ila mdogo, uko ndani ya jiji na ni vichochoro vichache vya vyakula. Siku moja unaweza kufanya Qibao na msikiti bila haraka. Lakini kama ni mfereji hasa ndio unaoutaka basi Zhujiajiao, sikufichi.

Jambo moja nililolipenda mie mtu wa pwani. Ile meli ya Zheng He, yule mkuu wa wanamaji wa China, iliyofika hadi Malindi karne ya kumi na tano ilikuwa inaondokea Liujiagang, huko Taicang, jirani tu na hapo Shanghai ambapo mto Yangtze unaingia baharini. Na mwaka 2013 walitangaza wamepata sarafu ya mfalme Yongle wa China pale kisiwani Manda, mbele ya kwetu. Sasa mie nilipokaa pale gatini nikawaza hao mabaharia wengi wao huenda walikulia kwenye mifereji kama hii, na nikamtazama yule mpiga kasia. Hapigi kama sisi. Kasia ni moja, refu, liko tezi, yaani nyuma ya mashua, limeegemea kipande cha chuma kidogo, analisukuma na kulivuta upande hadi upande bila kulitoa majini hata mara moja, na mashua inakwenda moja kwa moja, na kamba imefungwa mpini wa kasia na sakafu ya mashua ili lisiruke. Nilikaa pale namtazama yeye tu, vibanda vyote nikavisahau.

MamaPazia_Eastleigh

Mashallah Binti_Shela umenijibu vizuri sana, na Reli_Mbali asante sana kaka hiyo ya treni ya Pudong ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Sasa swali, mbona kila mahali nikitafuta naambiwa Wuzhen na Zhouzhuang ndiyo mizuri kushinda yote, hiyo Zhujiajiao haitajwi sana. Sitaki kwenda mahali pa pili halafu nijute.

Karita_Suzhou

Hapa niingilie maana nilisoma Suzhou baada ya kuanza Kichina pale Confucius Institute ya University of Nairobi, na weekend zangu nyingi ziliishia kwa hii miji.

Mama, umaarufu una sababu zake. Zhouzhuang ilijulikana kwa sababu mchoraji anaitwa Chen Yifei alichora yale madaraja yake mawili yaliyoungana, na 1984 tajiri wa Marekani Armand Hammer akainunua hiyo picha akampa kiongozi wa China Deng Xiaoping kama zawadi, basi ikaanzia hapo. Ukweli ni kwamba miji hii yote ilikuwa karibu kupotea. Huko kusini mwa Yangtze, kuzunguka ziwa Tai, zama za wafalme wa Ming na Qing (karne ya 14 hadi mwanzo wa ya 20) hii mifereji ndiyo ilikuwa barabara, mchele, hariri na pamba vyote vilipita majini, kila mfanyabiashara mlango wa mbele unaangalia mtaa na mlango wa nyuma una ngazi za mawe za kuteremka hadi kwa mashua. Wewe unayenunua kitambaa hapo Keqiao, kitambaa cha nchi hiyo ndicho kilichojenga hizo nyumba. Halafu reli na lami zikaja zikapita mbali na hii miji ikabaki maskini, hakuna aliyekuwa na pesa ya kubomoa na kujenga upya, na hiyo ndiyo iliyoiokoa. Miaka ya themanini viwanda vilipoanza kufika na watu wakataka barabara pana, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tongji, Ruan Yisan, alipigania sana Zhouzhuang na mingine ihifadhiwe. Huyo mzee anatudai heshima, bila yeye ungekuwa unaenda kuona maghorofa.

Lakini maarufu si lazima iwe nzuri kwa mtu mmoja aliye na siku moja na ndege usiku. Zhouzhuang geti ni yuan 100, metro haifiki, na maduka yanauza paja la nguruwe kila hatua. Wuzhen iko mkoa wa Zhejiang, treni hadi Tongxiang halafu basi, na upande wa Xizha ambao ndio kila mtu anapiga picha ni yuan 150, zidisha na kama 18 ujue ni shilingi ngapi za Kenya. Ni safi, imepangwa vizuri, taa za usiku zinapendeza sana, lakini wenyeji wengi walihamishwa na kampuni ndiyo inaendesha kila kitu, unatembea ndani ya mji ambao hakuna mtu anaanika nguo zake. Mimi hiyo inaniuma. Wuzhen ni ya kulala huko, uione asubuhi kabla ya mabasi kufika, si ya kukimbilia na kurudi.

Kama siku yako ingekuwa mbili ningekupeleka Tongli. Bustani ya Tuisi iko huko, ilijengwa kati ya 1885 na 1887 na afisa mmoja aliyefukuzwa kazi ya serikali akarudi kwao, na tangu 2000 iko kwa orodha ya UNESCO pamoja na bustani za Suzhou. Treni ya mwendo kasi kutoka Hongqiao hadi Suzhou ni kama nusu saa, halafu Laini 4 ya metro ya Suzhou inakwenda hadi Tongli lakini hapo ni kama saa nzima nyingine, halafu kutoka kituoni bado unachukua basi hadi mji wa kale. Inawezekana, watu wanafanya, ila siku ya ndege mimi singejaribu.

Kwa hivyo Zhujiajiao, na siri ni moja tu, fika mapema. Saa mbili asubuhi uwe umeshafika. Wakati huo maduka bado yanafunguliwa, utakuta mama kakaa kwenye ngazi ya mwisho anasuuza mopu kwenye mfereji, mzee kapachika ndege wake ndani ya kizimba nje ya mlango, mtu anabeba mboga anavuka daraja. Ikifika saa nne au saa tano mabasi ya watalii yanamwaga watu, wakati huo acha mtaa mkubwa, vuka daraja lolote dogo uingie vichochoro vya nyuma ambako hakuna duka, huko ndiko watu wanaishi. Halafu mawe yao yakiloa yanateleza vibaya, vaa viatu vya raba.

Kamukunji_Mzigo

Mnamtuma Shanghai na ako Keqiao bana! Dada si Keqiao iko Shaoxing, na Shaoxing yote ni mji wa maji tangu zamani. Hapo tu kwenu kuna Anchang, mji wa kale ndani ya wilaya hiyohiyo ya Keqiao, ukimaliza soko mchana ita teksi ya Didi kwa simu, kuingia ni bure, mtaa mmoja mrefu umefuata mfereji na juu kuna paa kwa hivyo hata mvua ikinyesha unatembea tu. Watalii wa kigeni ni wachache kabisa. Wanakausha soseji zao juu ya mfereji hasa ule mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao ya mwezi, hizo ni za nguruwe najua hazikuhusu, lakini kuna mahali wanatengeneza sosi ya soya kwa mitungi mikubwa ya udongo.

Na mashua za Shaoxing hakuna kwingine. Ni nyembamba, juu kuna paa la mianzi iliyosukwa ikapakwa rangi nyeusi, na mpiga kasia anaketi nyuma anasukuma lile kasia kubwa KWA MIGUU, nyayo zote mbili zimekanyaga mpini, mkononi kashika kingine kidogo cha kuelekeza. Ile mashua iko chini sana ukiinama mkono unagusa maji, ukikaa usicheze cheze. Katikati ya Shaoxing mjini kuna daraja la Bazi, ni la zama za wafalme wa Song (karne ya 10 hadi 13), liko kwa urithi wa UNESCO tangu 2014 na ule Mfereji Mkuu, na watu bado wanalipita wakienda sokoni kama daraja la kawaida. Chakula hapo Keqiao unajua mwenyewe, Wapakistani na Waarabu wako wengi, halali si shida.

Kwa hivyo fanya zote mbili, Anchang jioni moja ukitoka sokoni na Zhujiajiao Alhamisi.

Pesa: Alipay, ile programu yao ya kulipa kwa simu, jisajili ukiwa bado Nairobi kwa pasipoti na kadi ya Visa ya benki, ile namba ya kuthibitisha inakuja kwa laini yako ya huku kwa hivyo usiizime. Malipo chini ya yuan 200 hawakati ada, juu ya hapo ni asilimia 3. Ambia benki yako unasafiri, la sivyo wanaifunga kadi wakiona China. Metro pia unalipa kwa Alipay. Bado beba yuan mia tatu hivi za noti ndogo, yule mama wa samaki na mpiga kasia wanaweza kupokea. Google haifunguki ukitumia wifi yao ya hoteli, lakini ukiwa kwa data ya laini yako ya Kenya iliyowashwa roaming mara nyingi inafunguka.

MamaPazia_Eastleigh

Wadau Mungu awabariki, hii imenisaidia kuliko yule ejenti wetu. Nimeamua, Anchang Jumanne jioni nikitoka soko la kaskazini na Zhujiajiao Alhamisi mapema, na huo msikiti wa Songjiang nauweka safari ijayo inshallah. Mwenzangu mmoja ameniuliza kwa nini nisikae tu hotelini nipumzike, nikamwambia nitapumzika kwa ndege.

Swali la mwisho, lugha. Nikipotea huko kwenye vichochoro vya nyuma nafanyaje?

Karita_Suzhou

Usiku wa Jumatano hotelini mwambie binti wa mapokezi akuandikie kwa Kichina kwenye karatasi "kituo cha metro cha Zhujiajiao, Laini 17" na jina la hoteli yako, uipige picha pia. Simu ikizima betri kuna mashine za kukodi pawabenki karibu kila duka unaskani na Alipay, kwa hivyo fanya kabla haijazima kabisa. Programu ya kutafsiri pakua Kichina chote kikae ndani ya simu kabla hujatoka Nairobi. Na ukipotea kabisa fuata mfereji, uende nao upande ambao unazidi kuwa mpana, utatokea kwenye mto mkubwa na daraja la Fangsheng utaliona kutoka mbali, hakuna lingine kubwa kama hilo pale. Kutoka hapo muulize yeyote kwa ile karatasi.

Binti_Shela

Nyongeza tu, vyoo vya umma viko vingi na ni bure lakini karatasi mara nyingi hamna, na maji ya kutawadha beba chupa yako. Na ukipanda mashua keti upande wa tezi karibu na mpiga kasia, mbele wote wanapigana kwa ajili ya picha.